Je, wajua? "Kula isivyostahili" si kula kwa asiyestahili

Nilipokuwa mdogo, Jumapili ya Chakula cha Bwana ilikuwa na upande wake wa kutisha. Wakubwa kadhaa walibaki kwenye mabenchi, macho chini, wenzao wakisogea madhabahuni. Ukiuliza kulikoni, unajibiwa kwa mnong'ono: "Hajajiweka sawa." Nikaelewa kwamba mkate ule una macho, na ukiula na dhambi moyoni utaugua, pengine ufe. Nilikua na imani hiyo, na andiko la kuitetea nilikuwa nalo. Katika 1 Wakorintho 11:27 Paulo anasema kwamba mtu akila mkate au kukinywea kikombe cha Bwana "isivyostahili", anajipatia hatia. Mistari mitatu mbele anataja wagonjwa na waliokufa. Nani abishe?

Kosa langu lilikuwa la sarufi kabla halijawa la imani. Jicho lilisoma "isivyostahili", kichwa kikasikia "asiyestahili". Hiyo -vyo- ni ya namna, ileile ya "alivyoimba" na "ipasavyo". Inaeleza tendo limefanyikaje, haimpimi mtendaji. Mgonjwa akimeza dozi ya siku tatu kwa mkupuo mmoja, ametumia dawa isivyotakiwa, lakini hakuna atakayesema dawa haikuwa yake: malaria ni yake na cheti kina jina lake. Dereva naye anaweza kuwa na leseni safi kabisa mfukoni na bado akaendesha isivyotakiwa. Kigiriki cha Paulo ni hivyohivyo. Neno alilotumia, anaxiōs, ni kielezi. Kivumishi chake, anaxios, kinatofautiana nalo kwa urefu wa irabu moja na mkazo wa sauti. Watafsiri wetu hawakukosea hata kidogo. Ni sisi tuliobadilisha kiambishi kimyakimya, tena kwa miaka mingi.

Na kama sharti lingekuwa kustahili, meza ya kwanza kabisa ingekosa walaji. Petro alikuwepo, na usiku uleule akamkana mwenyeji wake mara tatu. Luka anamweka hata msaliti mezani, mkono wake ukiwa pamoja na wa Yesu.

Basi ni namna gani ya kula iliyomkera Paulo? Anaitaja waziwazi katika mstari wa 21, sita tu kabla ya ule wa kutisha: kila mtu anatangulia kula chakula chake, huyu ana njaa na yule amelewa. Kwa tone la divai la siku hizi halewi mtu. Korintho ya katikati ya miaka ya 50 BK, bandari iliyojengwa upya na Waroma, Chakula cha Bwana kilikuwa mlo kamili, na yaelekea kililiwa nyumbani kwa mtu mwenye nafasi. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na chumba cha kulia chenye makochi matatu, watu kama tisa wakijilaza. Wengine wote walikula walipopata pa kukaa.

Desturi yenyewe Mroma aitwaye Plinius Mdogo ameisimulia katika barua yake. Alialikwa kwa tajiri mmoja akakuta divai ya aina tatu: moja ya mwenyeji na wageni kama Plinius, ya pili ya marafiki wa daraja la chini, ya tatu ya watumwa walioachwa huru. Plinius akasema kwake wote hunywa divai moja. Akaulizwa: hata watumwa walioachwa huru? Gharama je? Akajibu kwamba wao hawanywi divai yake. Yeye ndiye anayekunywa yao.

Msomaji wa kwetu hahitaji Roma kulielewa hili. Fikiria sinia moja la pilau, watu sita wamelizunguka. Mmoja amewahi, nyama yote amevutia upande wake, na wachelewaji wanakuta wali mkavu. Hakuiba, kwa kuwa alialikwa kihalali kama wenzake. Lakini alichokula si tena sinia la pamoja. Ni chakula chake binafsi kilichotokea kuwa kwenye sinia. Ndiyo hoja ya Paulo hasa: mkishakula hivyo, hicho si Chakula cha Bwana. Sura moja nyuma alikwisha kueleza kwa nini: mkate ni mmoja, kwa hiyo wanaoushiriki, hata wakiwa wengi, ni mwili mmoja. Ukimwacha mwenzako na njaa, umeumega mwili uleule unaodai kuushiriki. Dawa anayoiandika mwishoni ni neno moja la jikoni: "mngojane".

Hapa nipunguze mwendo kidogo. Kitenzi cha Kigiriki kinachotafsiriwa "kutangulia" wengine hukisoma kama "kula" tu, kwa hiyo picha ya matajiri kuwahi na vibarua kuchelewa haina uhakika wote. "Mwili" wa mstari wa 29 nao una ubishi: ni Kristo katika mkate, au ni kanisa? Na Paulo anamtaka kila mtu ajihoji kwanza. Wakatoliki hufundisha kwamba mwenye dhambi ya mauti aungame kabla ya kukomunika, na desturi ya kutubu kabla ya mlo huu ni ya kale mno. Kwa hiyo wazee wa mabenchini hawakuwa wameitunga.

Ila mlo ulibadilika. Kufikia mwaka 150 hivi, Justino Mfiadini akiwa Roma anaeleza ibada ya Jumapili: mkate, divai na maji, kila mmoja anapata fungu lake, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Karamu haionekani tena. Pasipo karamu, mtu atalewa wapi, na amngoje nani? Onyo likabaki bila chumba chake, likahamia moyoni.

Katika Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu Wakatoliki husoma sura hiyohiyo. Somo huanzia mstari wa 23 na kuishia wa 26. Mlevi na mwenye njaa wamebaki upande huu, "isivyostahili" na "mngojane" upande ule.