Gitaa la umeme la kujitengenezea: tafuta shingo kabla ya mbao ya mwili

Vijana wanaotaka kujitengenezea gitaa la umeme huniuliza kwanza mbao ya mwili: mvule au mahogani, ipi ina sauti nzuri? Nami huwauliza shingo wataitoa wapi. Mwili ukikosewa, gitaa litakuwa zito au sura yake haitapendeza, lakini litapigika. Shingo ikipinda, hata ununue pikapu (vinasa sauti vya sumaku) za bei gani, hakuna muziki hapo.

Nyuzi sita za kawaida, za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi), zikikazwa kwenye gitaa lenye kipimo, yaani urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja linaloushika mwilini, cha milimita 648 kama Stratocaster ya Fender, huivuta shingo kwa uzito unaozidi kilo 45, usiku na mchana. Ndiyo maana ndani yake hulazwa nondo ya chuma inayokazwa kwa spana. Nunua nondo inayosukuma pande zote mbili, kwani kwa unyevu wetu wa Pwani shingo huweza kurudi nyuma vilevile kama inavyoweza kuinama mbele.

Unyevu huu ndio unaowashinda wengi. Mbao iliyokaa kivulini Mombasa hutulia ikiwa na maji ya asilimia 13 hadi 15 hivi, ilhali iliyotoka kwenye tanuri la kukaushia huwa na asilimia 8 au zaidi kidogo. Ukiichonga siku uliyoinunua, itavimba ukiwa umeshamaliza. Na mbao mbichi ni balaa jingine, maana hiyo husinyaa na kupinda. Ichanje iwe kubwa kidogo kuliko unavyotaka, iweke ndani ya nyumba juu ya vijiti hewa ipite chini, kisha ipime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Andika uzito kwa penseli palepale juu ya ubao. Namba zikiacha kushuka au kupanda, shika randa. Muuza mbao atakuapia kwamba imekauka. Wewe amini mizani.

Kwa shingo, mimi ni mtu wa mninga. Nyingi inayotufikia hutoka Tanzania, haichezichezi ikishakauka, na inakubali patasi. Tazama kichwa cha ubao: mistari ya ukuaji iwe imesimama wima, isilale, na pasiwe na fundo popote. Mbambakofi nao umetulia, si bure milango mingi ya kale ya pwani ilichongwa kwa mti huo, lakini ni mzito mno. Ukifanyia shingo, gitaa litainamisha kichwa kila ukiliachia mkono. Uutumie kwa ubao wa freti, ule wa juu ya shingo unaopachikwa vipande vyembamba vya chuma (freti) vya kugawanya noti. Mpingo ndio mfalme wa ubao wa freti, ila kupata kipande kilichonyooka cha nusu mita ni kazi, maana mti wenyewe hukua umejikunja. Waulize wachongaji wa Changamwe. Tena ujue biashara ya mpingo kuvuka mipaka ina masharti ya kimataifa tangu 2017, ikiwa unawaza kuuza nje.

Kupanga freti ni hesabu ya darasani. Gawanya 648 kwa 17.817, unapata milimita 36.4: hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki kigawanye tena kwa namba ileile, uendelee hivyo, na ya 12 lazima iangukie milimita 324 kamili. Pima kila freti kutoka mwanzo wa uzi, usipime kutoka freti moja hadi nyingine, la sivyo kosa la nywele moja litakuwa limezaa mengine ukifika juu. Lakini kama hili ni gitaa lako la kwanza, nunua shingo iliyokwisha tengenezwa. Kisigino chake, ile ncha inayoingia mwilini, huwa na upana wa milimita 56 hivi; hata hivyo usichimbe shimo lake kwenye mwili mpaka uwe nayo mkononi. Iingie kwa kubana, bila nyundo.

Sasa mwili. Pikapu ni sumaku na waya, husikia mtikisiko wa uzi, kwa hiyo siwezi kukesha nikibishania sauti ya mti. Nabishania uzito. Mwili wa Stratocaster wa mti wa alder, unaotumika sana Marekani, una kilo 2 hivi. Umbo lilelile kwa mvule litakaribia kilo 3, kwa mbambakofi kilo 3 na nusu, na mpigaji wa bango, muziki wetu wa Pwani, anasimama nalo hotelini kwa muda wa saa nne. Chagua mwembe uliokauka vizuri na kutiwa dawa ya wadudu, kwani bungua wanaupenda, au mvule mwepesi uliochimbwa mashimo mahali pasipoonekana. Mbao mbili za inchi mbili kwa nane, zikiunganishwa ubavu kwa ubavu, zinatosha. Ukipiga msasa mvule vaa barakoa, vumbi lake linawasha koo na ngozi. Msaji una mafuta, basi ufute kwa asetoni kabla ya kupaka gundi.

Kwenye vyuma, adui ni chumvi. Daraja lisilocheza, lililofungwa moja kwa moja kwenye mwili, ndilo bora kwa anayeanza na lina sehemu chache za kushika kutu. Vigingi vya kukazia nyuzi chukua vilivyofungwa gia zake ndani ya kasha. Kinachokufa kwanza ni vile viskrubu vidogo vinavyoinua na kushusha nyuzi juu ya daraja. Vya chuma cha kawaida vikipigwa na upepo wa bahari wa Nyali, msimu mmoja tu havigeuki tena. Vitoe vyote kabla hata hujafunga daraja, uweke vya stenlesi. Wauza vifaa vya boti huwa na stenlesi nzuri, nenda na kimoja ulinganishe hesi (meno ya skrubu). Kisha kila kimoja tone la mafuta ya cherehani.