Faili za polisi wa Dallas kuhusu mauaji ya Kennedy: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Machi 2025 serikali ya Marekani ilipofungua makumi ya maelfu ya kurasa kuhusu mauaji ya Rais John F. Kennedy, watu wengi walikimbilia kutafuta jina la muuaji mpya ndani ya karatasi za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Hawakulipata. Wachache mno walikumbuka kwamba karatasi zilizo karibu zaidi na tukio lenyewe, yaani zile za polisi wa jiji la Dallas, zimekuwa wazi kwa zaidi ya miaka 30. Ndani yake kuna hati za viapo za mashahidi, ripoti za askari, fomu za kukamatwa, picha za eneo la tukio, orodha za vielelezo na barua. Mtu akizisoma kwa utulivu anaona haraka kwamba sehemu kubwa ya yanayosemwa kuhusu faili hizi hayatoki ndani yake.

"Faili zote zimefungwa hadi mwaka 2039"

Mwaka huo una asili yake. Tume ya Warren, iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson tarehe 29 Novemba 1963 kuchunguza mauaji hayo, ilikabidhi ripoti yake Septemba 1964. Nyaraka ambazo haikuzichapisha zilikwenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na kanuni ya wakati ule iliruhusu karatasi za uchunguzi wa aina hiyo kufungwa kwa miaka 75. Ukijumlisha unapata 2039. Lakini nyingi zilifunguliwa mapema zaidi, na sheria iliyopitishwa mwaka 1992 ikaamuru idara zote za serikali kuu zikusanye kila walicho nacho na kukitoa chote kufikia tarehe 26 Oktoba 2017, isipokuwa pale rais atakapoamua kuzuia. Marais waliofuata walizuia baadhi, na kwa hilo wanastahili kulaumiwa. Hata hivyo mkusanyiko huo wa zaidi ya kurasa milioni 5, uliopo College Park katika jimbo la Maryland, ulikuwa umefunguliwa kwa sehemu kubwa mno kabla ya 2025.

Karatasi za polisi wa Dallas hazikuwahi kuingia kwenye hesabu hiyo. Zilikuwa mali ya jiji. Baraza la jiji liliagiza zihamishiwe hifadhi ya nyaraka ya jiji mwaka 1989, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wananchi wakaanza kuzisoma. Leo nakala zake ziko kwenye intaneti kupitia Chuo Kikuu cha North Texas, bila malipo.

"Kesi ilikuwa ya FBI tangu dakika ya kwanza"

FBI ni shirika la upelelezi la serikali kuu, na mwaka 1963 kumuua rais wa Marekani hakukuwa kosa la serikali kuu. Lilikuwa kosa la kuua chini ya sheria za Texas, kama kumuua mtu mwingine yeyote mtaani Dallas. Bunge lilibadilisha hilo mwaka 1965. Kwa hiyo aliyekuwa na mamlaka ya upelelezi mchana ule wa tarehe 22 Novemba, risasi zilipopigwa saa sita na nusu pale Dealey Plaza, alikuwa Mkuu wa Polisi Jesse Curry, na aliyeishika kesi mkononi alikuwa Kapteni Will Fritz wa kitengo cha mauaji.

Jambo hili si la wanasheria peke yao. Ndilo linaloeleza kwa nini palizuka mvutano katika hospitali ya Parkland, pale mchunguzi wa maiti wa kaunti, Dakta Earl Rose, aliposisitiza mwili ufanyiwe uchunguzi Texas kama sheria ilivyotaka, huku walinzi wa rais wakiutoa kwa nguvu kwenda Washington. Ndilo pia linaloeleza safari za vielelezo. Usiku uleule bunduki na vitu vingine vilisafirishwa kwa ndege hadi maabara ya FBI, vikarudishwa Dallas, kisha tarehe 26 vikachukuliwa na FBI kwa kudumu. Msomaji anayeshangaa kukuta katika faili za jiji picha na orodha ya bunduki bila bunduki yenyewe, jibu ni hilo.

"Mahojiano ya Oswald yalirekodiwa, kanda imefichwa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote ya polisi hawa, na ni kosa tofauti na lile wanalosingiziwa.

Lee Harvey Oswald, mshukiwa wa mauaji hayo, alikamatwa ndani ya jumba la sinema la Texas Theatre muda mfupi kabla ya saa nane mchana. Tangu hapo hadi asubuhi ya tarehe 24 alihojiwa kwa vipindi, jumla ya takriban saa 12, katika ofisi ndogo ya Fritz ambayo nje yake waandishi wa habari walikuwa wamejaza ukumbi hadi watu wanapita kwa kusukumana. Hakukuwa na kinasa sauti. Hakukuwa na karani wa kuandika neno kwa neno. Fritz aliieleza Tume kwamba kitengo chake hakikuwa na mashine hiyo.

Tulichonacho ni ripoti zilizoandikwa baadaye na waliokuwamo chumbani: Fritz mwenyewe, James Hosty na James Bookhout wa FBI, Thomas Kelley wa idara ya ulinzi wa rais, na mkaguzi wa posta Harry Holmes. Zinakubaliana katika mengi na kupishana katika mambo yanayouma. Fritz alidai hakuandika chochote wakati wa mahojiano, lakini mwaka 1997 kurasa chache za mwandiko wake zilijitokeza na kukabidhiwa bodi iliyokuwa ikisimamia ufunguaji wa nyaraka. Ni vipande vya maneno tu. Vinasema Oswald alidai alikuwa ghorofa ya pili ya jengo alimofanyia kazi, Texas School Book Depository, na soda yake ya Coca-Cola askari alipoingia, akashuka chini kula, kisha akawa nje mbele ya jengo pamoja na Bill Shelley, msimamizi wake kazini.

Wapo wanaoushika mstari huo wa mwisho na kutangaza kwamba Fritz alithibitisha Oswald alikuwa nje wakati risasi zinapigwa. Fritz hakuthibitisha kitu. Aliandika alichoambiwa na mshukiwa, bila saa, na kwa mpangilio wa karatasi hiyo Shelley anatajwa baada ya askari kuingia jengoni, yaani baada ya risasi. Kama kingekuwapo kinasa sauti, mabishano haya yangemalizika kwa kusikiliza dakika mbili. Mshukiwa wa kesi nzito kuliko zote katika historia ya jiji lile alizungumza kwa saa 12, na maneno yake karibu yote yametufikia kupitia midomo ya wengine. Hasara hiyo hailipiki, na hakuna haja ya kubuni kanda iliyofichwa ili kuona uzito wake.

"Oswald hakuwahi kushtakiwa kwa kumuua rais"

Alishtakiwa. Kwanza kwa kumuua askari J.D. Tippit, aliyepigwa risasi mchana uleule, mnamo saa moja na dakika kumi usiku wa tarehe 22. Kisha, baada ya saa saba usiku, Hakimu David Johnston akamsomea shtaka la kumuua Kennedy. Kisichokuwapo ni hukumu, kwa kuwa aliuawa na Jack Ruby kabla ya kesi. Ni kweli kabisa kusema hakuna mahakama iliyompata na hatia.

"Hati ya kiapo inasema bunduki ilikuwa Mauser, kwa hiyo ilibadilishwa"

Hati ipo, na dai hili angalau limejengwa juu ya karatasi halisi. Seymour Weitzman, mmoja wa walioikuta bunduki ghorofa ya sita ya jengo la Texas School Book Depository, aliapa kwa maandishi tarehe 23 Novemba kwamba ilikuwa Mauser ya 7.65. Mwendesha mashtaka Henry Wade naye alikuwa amelitaja jina hilo mbele ya waandishi.

Lakini Weitzman hakuishika bunduki. Aliiona ikiwa imefichwa katikati ya maboksi, na baadaye mwenyewe alisema alikosea. Aliyeinua ni Luteni J.C. Day wa kitengo cha vielelezo, na namba aliyoiandika ni C2766, Mannlicher-Carcano ya Italia ya 6.5. Aina hizo mbili za bunduki zinafanana kwa umbo kwa mtu anayetupa jicho. Namba hiyohiyo ndiyo iliyopatikana kwenye karatasi za duka la Klein's la Chicago: bunduki yenye darubini iliyoagizwa kwa posta Machi 1963 kwa dola 21.45 pamoja na usafirishaji, kwa jina la A. Hidell, ikapelekwa kwenye sanduku la posta alilokodi Oswald. Alipokamatwa, alikuwa na kitambulisho chenye jina la Hidell.

Kiapo hakigeuzi kosa la macho kuwa ukweli. Anayetaka kuwabana polisi katika suala la bunduki ana hoja nzito zaidi ya Mauser: alama ya kiganja cha Oswald. Day alisema aliitoa kwenye bunduki usiku wa tarehe 22, lakini FBI walipoipokea bunduki ile hawakuona alama inayotambulika, na kadi yenye alama aliyoitoa Day iliwafikia siku kadhaa baadaye. Wataalamu wa FBI walikuja kulinganisha dosari za chuma zilizoonekana kwenye kadi na zile za bunduki, wakaridhika kwamba alama ilitoka pale. Hata hivyo kuchelewa kule ni uzembe wa utunzaji wa vielelezo, na umelisha tuhuma hadi leo.

"Redio ya polisi ilithibitisha kulikuwa na mpiga risasi wa pili"

Makao makuu ya polisi yalikuwa yakirekodi mawasiliano ya redio, na pikipiki moja ilikuwa na kipaza sauti kilichokwama wazi kwa dakika kadhaa. Mwaka 1979 kamati ya Baraza la Wawakilishi, ikitegemea zaidi uchambuzi wa sauti hiyo, ilisema huenda kulikuwa na njama na risasi ya nne kutoka mbele. Watu wengi wanaishia hapo.

Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi lilirudia uchunguzi. Katika milio ile iliyodhaniwa kuwa risasi, lilisikia kwa mbali maneno ya Sherifu Bill Decker yaliyopenya kutoka chaneli ya pili, maneno aliyoyasema kama dakika moja baada ya rais kupigwa. Milio ile basi haikuwa risasi za Dealey Plaza. Wapo waliopinga jopo hilo miaka ya baadaye, lakini mimi sijaona hoja inayoyaondoa maneno ya Decker mahali yalipo.

"Barua zilizomo ni ushahidi uliopuuzwa"

Barua zilimiminika kwa Curry kutoka kila upande: za pole, za matusi, za watu waliodai kuota au kujua. Thamani yake ni kuonyesha jinsi watu walivyoumia na kuwaza siku zile. Mwandishi aliyekuwa mbali na Dallas hawi shahidi kwa sababu bahasha yake imepigwa muhuri na polisi.

Yenye uzito ni mawasiliano ya ofisi kwa ofisi. Luteni Jack Revill aliandika siku ileile ya mauaji kwamba Hosty wa FBI alimwambia idara yake ilimjua Oswald na ilijua angeweza kufanya kitendo kile. Hosty alikiri kusema walimjua, akakanusha hilo la pili. Karatasi hiyo ilipofika kwa Tume mwaka 1964, uhusiano wa polisi na FBI uliharibika vibaya. Na mwaka 1975 likatoka kubwa zaidi: Oswald alikuwa ameacha ujumbe wa mkono katika ofisi ya FBI Dallas kabla ya mauaji, na Hosty aliuharibu baada ya Oswald kufa, akisema aliagizwa na mkubwa wake, Gordon Shanklin, ambaye alikana. Karatasi tunayojua kwa hakika iliangamizwa haikutoka kwa polisi wa jiji.

"Ruby aliingizwa kwa saa iliyopangwa"

Asubuhi ya Jumapili tarehe 24, waandishi walikuwa wameambiwa Oswald atahamishwa mnamo saa nne. Alicheleweshwa na mahojiano ya mwisho. Saa tano na dakika 17 Jack Ruby, mmiliki wa klabu ya usiku jijini, alikuwa dirishani Western Union, ofisi ya kutuma pesa, akituma dola 25. Muhuri wa saa uko kwenye risiti. Saa tano na dakika 21 alimpiga Oswald risasi katika orofa iliyo chini ya ardhi ya makao makuu ya polisi, mbele ya kamera. Mtu mwenye miadi hachelewi saa nzima kisha akasimama kwenye foleni ya kutuma pesa.

Ila hilo halijibu aliingiaje. Polisi walijichunguza wenyewe, wakachukua maelezo ya askari mmoja mmoja, wakahitimisha kwamba alishuka kwa njia ya magari ya Main Street. Tume ya Warren ilikubali. Kamati ya 1979 haikuridhika: iliona uwezekano mkubwa zaidi ni ngazi ya upande wa uchochoroni, kupitia mlango ambao huenda haukufungwa, na haikuondoa uwezekano wa askari kumsaidia, hata bila kujua nia yake. Maelezo yale ya askari yamo katika mkusanyiko wa jiji, na yeyote anaweza kuyasoma moja baada ya jingine na kuona nani alisema alisimama wapi.