Farasi akiwa nusukaputi, mapigo ya moyo hayatoshi

Daktari kijana wa mifugo anapoachiwa kukaa kichwani pa farasi chumba cha upasuaji ili asimamie usingizi wake, jambo la kwanza hushika stethoskopu. Anahesabu, anapata mapigo 36 kwa dakika, roho inatulia. Kumbe idadi hiyo haimwambii usingizi una kina gani. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na chini ya gesi hubaki humo humo hata muda mfupi kabla hajarusha mguu. Na mguu wa mnyama wa kilo 500 si wa kuchezea.

Mimi naanza na jicho. Akiwa chini ya isofluraini, gesi ya usingizi, napitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa kope. Kope likifumba kwa uvivu, na jicho limegeukia kidogo chini na mbele, nimepata kina ninachokitaka. Jicho likianza kuchezacheza haraka huku machozi yanatiririka, anakaribia kuamka. Kope lisiposhtuka kabisa na jicho limerudi katikati, limekauka, basi amezama mno na gesi ipunguzwe mara moja. Ila ukimlaza kwa ketamini, dawa ya usingizi ya sindano, usizifuate dalili hizi: jicho hukaa katikati na kope hushtuka upesi hata akiwa amelala vizuri.

Baada ya jicho, shinikizo la damu, na hapa sina mchezo. Naingiza kanula, yaani kijirija chembamba, kwenye ateri ya usoni, na shinikizo la wastani silikubali chini ya 70 mmHg. Uzito wa farasi mwenyewe hukandamiza misuli ya upande aliolalia. Damu ikikosa nguvu ya kuipenya, misuli inaharibika. Atakuja kuamka misuli imekakamaa, hawezi kusimama, na katika kuhangaika anaweza kujivunja mguu. Kwa hiyo napunguza gesi, naongeza maji ya mshipani, na ikibidi naanzisha dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu. Tafiti kubwa zimeonyesha takriban farasi mmoja kati ya 100 hufa kutokana na nusukaputi, kiwango kikubwa mno ukilinganisha na mbwa. Ndiyo maana sitoki kichwani pake.

Kondoo ana hatari zake. Hata akilala fofofo, tumbo lake la kwanza linaendelea kuchachusha majani na kutoa gesi. Kila mara napapasa ubavu wa kushoto. Ukikaza kama ngoma, napitisha mpira wa tumboni. Mate nayo hayakomi, hivyo naweka mto chini ya shingo ili koo liwe juu na mdomo uelekee chini, mate yadondoke sakafuni. Mrija wa hewa lazima uwe na puto lililojazwa, maana akicheua bila kinga hiyo, majani yanaingia mapafuni. Akianza kutafuna mrija au kumeza, usingizi umepungua.

Zailazini, dawa ya kutuliza mnyama, kwa kondoo naiogopa: inaweza kumjaza maji mapafuni hata kwa dozi ndogo. Ikitumika, kipima oksijeni kinakaa ulimini tangu mwanzo, na fizi nazitazama kwa macho yangu.

Mrija wa hewa siutoi mpaka kondoo ameegemea kifua, kichwa kimeinuka, na anameza mwenyewe. Kama amecheua, nauvuta puto likiwa bado na hewa kidogo, litoke na uchafu uliokwama kooni.