Ulishaji wenye mwitikio ni nini?

Ni kumlisha mtoto huku ukimtazama. Akisogea na kufungua kinywa, unampa. Akigeuza uso au kufumba mdomo, unangoja, unamsemesha, unajaribu tena, akishiba, unaacha. Yeye anatoa ishara, mlezi anaijibu upesi na kwa upole.

Kinyume chake ni cha aina mbili. Cha kwanza nani Tanga hajakiona: mtoto kalazwa mapajani, mikono imebanwa, uji unamiminwa kwa kiganja hadi kikombe kiishe. Mara nyingi anayemimina ni bibi mwenye mapenzi tele, anayehofia mzani wa kliniki. Cha pili hakina kelele. Mtoto wa mwaka na nusu anakaa kwenye sinia moja na kaka zake, wenye mikono mirefu wanamaliza, na watu wazima wanasema huyu kashazoea kula mwenyewe. Kwa maoni yangu hiki ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa hakuna anayekiona ni kosa.

Kwenye sera dhana hii si ngeni. Ilikuwamo katika kanuni za 2003 za ulishaji wa nyongeza, yaani vyakula anavyopewa mtoto pamoja na maziwa ya mama, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023, unaohusu watoto wa miezi 6 hadi 23, umeipendekeza tena. Nchini Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (2021/22 hadi 2025/26) imeweka lishe ya kutosha na malezi yenye mwitikio miongoni mwa nguzo zake tano. Hapa nguzo hizo mbili zinakutana kwenye bakuli moja.

Tatizo ni kipimo. Viashiria vya WHO na UNICEF vya 2021 vinahesabu milo kwa siku na makundi ya chakula, angalau 5 kati ya 8. Namna mtoto anavyolishwa haimo. Ndiyo maana mafunzo mengi huishia kwenye mapishi: unga, dagaa, mchicha, tui la nazi. Swali la nani anamlisha mama akiwa sokoni Ngamiani halina safu kwenye fomu. Mhudumu wa afya ya jamii akiketi nyumbani mlo mmoja tu, ataliona jibu.

Na kungoja si kukata tamaa. Mtoto mwenye homa anayekataa chakula hunyonyeshwa zaidi, hupewa vyakula laini anavyovipenda, kidogo kidogo mara nyingi, na akipona huongezewa milo.