Pikapu ya GLA ina ukweli kuliko Comanche: dhana potofu kuhusu silaha za Generals

Gemu ya mkakati ya Command & Conquer: Generals ilitoka Februari 2003 na hadi leo ina wapenzi wake. Pande zake ni tatu. Marekani ina silaha chache, ghali na za kisasa. China ina vifaru vizito na askari kwa makundi. GLA, jeshi la waasi ambalo ni la kubuni, linapigana kwa pikapu, mahandaki na makombora ya Scud. Kwa kuwa majina mengi ya silaha ni ya kweli, wachezaji huondoka wakiamini wameyafahamu majeshi yenyewe. Tatizo ni kwamba huamini pale gemu ilipobuni, na hudharau pale ilipogusa ukweli.

Dhana: pikapu yenye bunduki haiwezi kusimama mbele ya vifaru

Ndani ya gemu, pikapu ya GLA ni ya kukimbiza askari wa miguu. Ikikutana na kifaru, imekwisha. Dhana hii inaniudhi kuliko zote, maana inafuta ukurasa mzima wa historia ya Afrika.

Mwaka 1987 jeshi la Chad liliingia vitani na Libya likiwa na Toyota zilizofungwa MILAN, kombora la kuvunja vifaru lililotoka Ufaransa. MILAN huongozwa kwa waya na hufika kama kilomita 2. Tarehe 2 Januari Wachad waliivamia kambi ya Fada, wakateketeza makumi ya vifaru vya T-55. Machi mwaka huohuo wakaiteka Ouadi Doum, kambi ya Libya iliyokuwa na uwanja wa ndege. Walibya walikuwa wamejichimbia nyuma ya mabomu ya ardhini wakisubiri adui aje taratibu, naye akaja kwa kasi na kutoka pande kadhaa, na madereva wake walilijua jangwa lile tangu utotoni. Vita hivyo vinaitwa Vita vya Toyota. Kwa hiyo gemu haikuipa pikapu nguvu kupita kiasi, iliipunja.

Dhana: silaha za Marekani ndani ya gemu ndizo zilizokuwa jeshini

Helikopta ya Comanche haikuwahi kupigana vita yoyote. Mradi wake ulifutwa Februari 2004, mwaka mmoja baada ya gemu kutoka, zikiwa zimeundwa mbili tu za majaribio. Ndege ya F-22 Raptor nayo ilianza kazi rasmi Desemba 2005. Wabunifu waliotea kesho ya jeshi la Marekani. Mara moja wakapatia, mara moja wakakosa.

Paladin imebadilishwa kazi kabisa. Ile ya kweli, M109, ni mzinga wa kujiendesha unaokaa kilomita nyingi nyuma ya mapigano na kupiga mabomu kwa mbali. Gemu imeifanya kifaru cha mstari wa mbele kinachodungua makombora kwa miale ya leza. Na kombora la Tomahawk linalorushwa kutoka kwenye gari? Liliwahi kuwapo: Wamarekani waliyaweka Ulaya miaka ya 1980, kisha mkataba wa mwaka 1987 kati yao na Wasovieti ukayaondoa. Mwaka 2003 Tomahawk yalikuwa yakirushwa kutoka melini na kwenye nyambizi.

Hiyo leza ya Paladin, ambayo wengi huiona ndoto, wazo lake ni la kweli. Kifaru cha Israeli chenye mfumo wa Trophy kilizuia kombora vitani Machi 2011, ingawa Trophy hutumia vipande vya chuma, siyo mwanga.

Dhana: nguvu ya China ni wingi wa watu

Gemu huwapa askari wa China nguvu zaidi wakisimama kwa kundi. Lakini Rais Jiang Zemin wa China alitangaza mwaka 1997 kupunguza askari 500,000, na mwaka 2003, mwaka uleule wa gemu, wakatangazwa wengine 200,000. China ilikuwa imeitazama vita ya Ghuba ya 1991 ikaona wingi hautoshi. Kifaru cha Overlord, kile chenye mizinga miwili, hakipo popote.

Dhana: kila jeshi lina silaha zake peke yake

Kwenye gemu ni lazima iwe hivyo, na simlaumu mbunifu: pande zikifanana, hakuna sababu ya kujifunza upande wa pili. Uwanja halisi wa vita haugawanyiki hivyo. Katika Vita vya Kagera, Tanzania ilikuwa na mitambo ya BM-21 yenye mabomba 40 ya kurushia roketi, ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin walikuja na BM-21 pia, pamoja na T-55. Pale Lukaya, nchini Uganda, Machi 1979, pande zote mbili zilishika silaha za asili moja. Siku ya kwanza Watanzania wa Brigedi ya 201 walirudishwa nyuma. Alfajiri ya Machi 11, Brigedi ya 208 chini ya Mwita Marwa, iliyokuwa imezunguka mbali, ilipiga kutoka nyuma huku ya 201, iliyojipanga upya chini ya Imran Kombe, ikipiga kutoka mbele. Walibya na askari wa Amin wakavunjika.

Dhana: kifaru kikishaundwa, kinaenda popote

Abrams, kifaru kikuu cha Marekani, hubeba takriban lita 1,900 za mafuta, na hizo hukifikisha kama kilomita 425 barabarani. Nyuma ya kifaru hicho lazima yafuate malori ya mafuta, na malori hayo ndiyo adui mwenye akili huyawinda kwanza. Kwenye Generals lori la namna hiyo halipo.