Bunduki "ya jeshi": yaliyosemwa barazani na yalivyo kweli

Shemegi yangu yuko Ohio, mwaka wa kumi na mbili huu. Juzi usiku alitutumia picha kwenye kundi la familia: bunduki ya kitako cha mti, singe imekunjiwa chini ya mtutu, na kikaratasi cha bei kinaning'inia. Chini yake akaandika, "SKS, ya jeshi. Naifikiria. Mwasemaje?" Simu ikazunguka mkono kwa mkono barazani kwetu Chake Chake mpaka kahawa ikapoa. Kila mtu alikuwa na lake, na mengi yalikuwa si kweli, yakiwemo mawili yangu mimi.

La kwanza lilikuwa langu: "Ya jeshi hiyo, ukiibana inamwaga." Haimwagi. SKS ni kazi ya Sergei Simonov wa Usovieti, ya mwaka 1945, nayo ni nusu-otomatiki. Ukivuta triga mara moja, inatoka risasi moja. Gesi ya risasi hiyo husukuma pistoni, bolti, yaani chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, inarudi nyuma, ganda linaruka nje, risasi ya pili inaingia chemba, kisha bunduki inasubiri kidole chako. Magazini yake ni ya risasi 10, hubaki humo humo kwenye bunduki, na hujazwa kutoka juu kwa kipande cha bati kilichoshika risasi kumi kwa mstari.

Kuchanganyikiwa kwetu kuna sababu. Wachina walipoitengeneza waliiita Type 56, na jina hilo hilo wakalipa nakala yao ya AK, ambayo ndiyo inayomwaga. Taarifa za polisi wetu huzitenga vizuri zaidi: SKS huandikwa SAR, AK huandikwa SMG. Na huko Marekani sheria ya 1986 ilifunga mlango wa kuwauzia raia bunduki mpya za kumwaga, kwa hiyo usidhani duka la Ohio limepanga rafuni SMG zilizotoka kambini. Hata hivyo, moja moja isikufanye uione ya kuchezea. Kumi za moja moja zinatoka upesi kuliko unavyodhani.

Mzee mmoja akasema hata zile 303 za polisi wa mkoloni ni hizi hizi. La, mzee wangu. Hiyo 303 ni Lee-Enfield, nayo ni ya kukokwa: kila risasi ni lazima ushike bolti kwa mkono, uirudishe nyuma, uisukume mbele. Ya jeshi ndiyo, nusu-otomatiki siyo.

Akaja kijana wa simu za kisasa, akaikuza picha kwa vidole viwili. "Tazameni, imeandikwa mpaka 10. Maana yake mita 1000!" Namba kaisoma sawasawa. Kwenye SKS kile kibao cha kulengea cha nyuma kimepimwa kuanzia mita 100 hadi 1000. Alichokosea ni maana. Vibao vya namna hiyo viliwekwa zama ambazo kikosi kizima kiliweza kuamriwa kimiminie risasi sehemu moja ya mbali, si kwa mtu mmoja kumpiga mtu mmoja. Kwa macho matupu, kwa bunduki iliyoundwa ivumilie matope na askari aliyefunzwa haraka, kupiga kitu cha ukubwa wa mtu mita 300 ni kazi nzuri. Hapa ndipo neno "jeshi" linapotudanganya zaidi. Tunasikia "bora kuliko zote", na aliyeiagiza alitaka "nyingi, imara, rahisi kufundishia". Anayetaka kutoboa tundu moja kwenye shabaha ataipata kwenye bunduki ya uwindaji ya kukokwa, pengine kwa pesa zile zile.

Sasa la chumvi, na hili ndilo lililoninyamazisha. Nilisema, kwa kujiamini kabisa, kwamba bunduki ukiisafisha kwa mafuta haipati kutu. Si kwa risasi za zamani za jeshi. Kitakoni mwa kila risasi kuna kidude kidogo kinachogongwa na pini ili kiwashe baruti. Katika risasi nyingi za zamani za Usovieti na China, dawa iliyomo humo ina klorati ya potasiamu, nayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndani ya mtutu na kwenye njia ya gesi. Huioni. Inavuta unyevu hewani, na baada ya siku chache mtutu uliokuwa unang'aa kama kioo umeanza vidonda.

Tulikuwa na mvuvi wa Wesha pale, kimya muda wote. Akacheka. "Kwani mashine ya boti waioshaje ukitoka baharini? Waipaka oili juu ya chumvi?" Hakuna aliyejibu, maana kila mtu anajua: kwanza maji ya mfereji, chumvi itoke yote, ikauke, ndipo oili. Bunduki ni hivyo hivyo. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji ndiyo yanayoyeyusha. Waliozizoea bunduki hizi humimina maji ya moto mtutuni siku ile ile, huosha pistoni na mrija wa gesi, hukausha, kisha hupaka mafuta. Mtu wa pwani aliyeona bati jipya likigeuka jekundu hahitaji mhadhara zaidi.

"Ya zamani hiyo, ishachoka." Si lazima. Nyingi zilitengenezwa, zikapakwa grisi nzito, zikalala ghalani miaka na miaka bila kwenda vitani. Umri wa chuma si wa kuutazama kwanza. Tazama ndani ya mtutu, mdomo wake, na kama namba za bolti na za mwili zinafanana. Kuna hatari moja nilimwandikia shemegi kwa herufi kubwa. Pini ya SKS nyingi haina springi, inacheza huru ndani ya bolti. Grisi ya ghalani ikigandia humo, pini hukwama imetokeza mbele, na bolti ikifunga tu risasi inafyatuka yenyewe bila triga kuguswa, na huenda zikafuatana kadhaa. Ndiyo maana bolti hufunguliwa ikaoshwa kabla ya risasi ya kwanza, na mtu akiitikisa anataka asikie pini ikigonga gonga. Kama haisikiki, ni ya kupelekwa kwa fundi wa silaha.

Kuhusu "risasi za 7.62 ni zile zile", jibu ni fupi. SKS hula 7.62×39, yaani unene wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita. Ipo 7.62×51 ya NATO, ipo 7.62×54R, ipo na 7.62×25 ya bastola. Haziazimani. Na hata jina likilingana kabisa, mambo hutofautiana: M1 Garand ya Marekani ya 1936 hutumia .30-06, lakini .30-06 nzito za wawindaji wa leo zinaweza kuupinda ule mkono wake unaorudisha bolti.

Bei? Marekani ilizuia bunduki za China kuingia mwaka 1994. Kabla ya hapo zilimiminika na kuuzwa bei ya chee. Sifa ya "rahisi" imebaki, urahisi umekwisha.

Hapo mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, akauliza la maana kuliko yetu sote: "Anaruhusiwa, mgeni kama yeye?" Mwenye green card anaweza. Mwenye viza ya muda kwa kawaida hawezi, isipokuwa kwa ruhusa chache, kwa mfano akiwa na leseni ya uwindaji. Dukani atajaza fomu namba 4473 na jina lake litapekuliwa. Akidanganya humo, au akinunua kwa niaba ya mtu mwingine na kujiandika ndiye mwenyewe, ni jinai, na kwa asiye raia kesi ya silaha yaweza kumfukuzisha nchini.

"Si ataitia kwenye kontena, itusaidie tumbili shambani?" Asithubutu. Kuitoa Marekani kunataka kibali cha serikali. Na huku, Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo tarehe 21 Aprili 2004, na kifungu cha 3 kinazitaka zimkataze raia kabisa kumiliki bunduki za otomatiki na nusu-otomatiki. Wapo wanaodhani Pemba tuna njia yetu ya pembeni. Polisi ni jambo la Muungano, na bunduki ya aina yoyote hupitia kwao. Kama kuna gobore la marehemu limesahauliwa darini, Umoja wa Afrika umeutenga kila Septemba, mpaka 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha.

Nikamwandikia shemegi haya yote. Akajibu asubuhi: "Basi nikija Disemba niwaletee nini?"

Nikamsomea mvuvi. Akafikiri kidogo. "Mwambie plagi. Za mashine ya farasi kumi na tano."