Kwa Nini Mama Mzazi Hufa Mapema Katika Hadithi za Fantasia?

Je, wajua kwamba malkia mwenye wivu anayeamuru Snow White auawe hakuwa mama wa kambo hapo mwanzo? Katika chapa ya kwanza ya ngano za ndugu Grimm, iliyotoka Ujerumani mwaka 1812, malkia huyo ni mama mzazi wa binti. Chapa ya mwaka 1819 ndiyo iliyomfisha mzazi na kumleta mama wa kambo, na mama wa Hansel na Gretel akaja kubadilishwa vivyo hivyo baadaye. Ngano hizo zilikuwa zikisomewa watoto, na mama anayemdhuru mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa mzito mno kuvumilika. Mama mzazi akasafishwa jina, lakini ilibidi aondoke.

Fantasia za leo zimerithi mpango huo. Sehemu ya chanzo chake ni maisha yenyewe, kwa kuwa katika Ulaya ya zamani wanawake wengi walifariki wakijifungua na waume zao wakaoa tena. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim naye alieleza mwaka 1976 kwamba mama wa kambo mwovu humwezesha mtoto kumkasirikia mama yake bila kuipoteza sura ya mama mwema. Kwa maoni yangu, maelezo hayo yanamfaa mama mwovu, ila hayatuelezi kwa nini mtoto wa hadithini humtafuta mama mwingine na kumpenda.

Jibu la swali hilo naliona katika methali tunayoijua sote: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi huitumia kukemea, lakini mtunzi wa fantasia huifanya kuwa msingi wa kitabu chake, kwa sababu mama aliye hai hangekubali mwanawe wa miaka 11 akapambane na mchawi aliyekwisha kuua watu wengi. Mama huondolewa ili ulimwengu upate nafasi ya kufunza, kisha miongoni mwa watu wa ulimwengu huo hutokea mwanamke anayeifanya kazi ya mama bila kulazimishwa na damu.

Tumtazame Harry Potter, mvulana mchawi wa riwaya za J. K. Rowling, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka Uingereza mwaka 1997. Mama yake, Lily, anakufa akimkinga, na kinga hiyo hudumu maadamu mtoto anakaa kwa ndugu wa damu wa mama yake, yaani Petunia. Msomaji wa Kiingereza humwona Petunia kuwa shangazi tu, neno ambalo kwao humjumuisha dada wa baba na wa mama. Msomaji wa Mombasa humwona vingine kabisa, kwa kuwa dada wa mama kwetu ni mama: Petunia, aliyemtangulia Lily kuzaliwa, ni mama mkubwa wa Harry. Kwa hiyo mtoto anayelazwa katika kijichumba cha chini ya ngazi si yatima aliyekosa mama, bali ni mtoto ambaye mama yake aliyesalia ameikataa kazi. Anayeipokea ni Molly Weasley, ambaye Harry anakutana naye kwa mara ya kwanza katika stesheni ya King's Cross, London, anapomwuliza njia ya kulifikia treni lake. Baadaye mwanamke huyo, mwenye watoto saba wa kuwazaa, humfumia sweta kila Krismasi kama anavyowafumia wanawe.

Jambo hilo si geni kwetu. Msichana wa Kiswahili alichaguliwa somo, mwanamke asiye mamake, wa kumfunza mambo ya utu uzima na ya ndoa, kwa sababu haya baina ya mama na binti iliyazuia mazungumzo hayo. Leso za Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso mjini Mombasa, huuliza "Nani kama mama?", na wahenga wakasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sioni kwamba kauli hizo mbili zinapingana, kwani msichana mmoja angeweza kumheshimu mzazi na kumsikiliza somo bila kuulizwa yupi ni mama wa kweli.

Hata hivyo, si kila shujaa huondolewa mama. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mama mzazi anaishi hadi mwisho. Liyongo anapofungwa gerezani, mamake ndiye anayemwokea mkate wa wishwa, ambao walinzi hawautamani, na ndani yake anaficha tupa ya kukatia minyororo. Miaka baadaye, Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, kisha anapiga goti karibu na kisima, uta mkononi, akafia hapo. Watu wa mji, wasiojua kwamba amekufa, wanaogopa kuteka maji. Wanamwendea mamake kumsihi, naye anakwenda siku baada ya siku kumbembeleza kwa mashairi, akidhani mwanawe amekasirika.